Dakika ya Chumba

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na bati la ofisi yangu limenikumbusha kwa nini kila mwaka naapa kuhama. Kuiita ofisi ni heshima tu. Ni chumba nyuma ya duka la madaftari, chenye meza, kompyuta, feni inayozunguka ikijisikia, na mimi. Mvua ikipiga bati sisikii kitu hata nikivaa hedifoni, na kazi yangu ni kusikia.

Nimeamua kuandika humu mpaka filamu iishe. Daktari wa macho ameniambia kila baada ya saa mbili nitazame kitu kisichowaka, na daftari haliwaki. Nimelinunua hapo mbele, mwenye duka hakunipunguzia hata kidogo, na sisi majirani mwaka wa sita.

Filamu yenyewe ni hivi. Kuna nyumba za mstari zilizojengwa na kiwanda cha magunia kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kiwanda kilishafungwa, na mmiliki mpya anataka kubomoa. Familia zote zimepewa nyumba nyingine upande wa pili wa mji, zimehama. Amebaki mwanamke mmoja. Alishona magunia pale miaka ishirini na miwili, lakini kwenye rejista ya kiwanda hayumo. Yumo marehemu mumewe, na yeye kaandikwa chini yake: "mke". Wamempa nyumba kama mjane wa mfanyakazi. Anasema hataki nyumba ya mjane, anataka ya mfanyakazi. Mpaka jina lake liandikwe, hatoki.

Watu wote wanamwita Shangazi. Mimi sijawahi kuonana naye. Mwongozaji na fundi wa sauti huenda kwake siku tatu kwa wiki, hurudi na diski ndani ya kopo la biskuti ili zisilowe, na mimi nashinda naye humu kutwa nikimkata na kumuunga. Najua akitaka kukasirika huanza kwa kukunja kitambaa. Najua anavyovuta pumzi kabla ya kutania. Yeye hajui hata kama nipo duniani.

Jumanne, Machi 4

Mvua. Nimekata dakika mbili, nikazirudisha zote mbili.

Alhamisi, Machi 6

Niandike habari ya dakika, maana leo imenishughulisha.

Fundi wa sauti tunamwita Masikio. Kila mahojiano yakiisha, Masikio huinua kidole juu na watu wote hunyamaza dakika moja, arekodi chumba kikiwa kitupu cha maneno. Kila chumba kina kimya chake. Nisipokuwa nacho, pale ninapounga maneno husikika kama shimo. Kamera huachwa ikiendelea tu, hakuna anayeijali.

Watu wengi hawaiwezi hiyo dakika. Hujikuna, hucheka. Mara ya kwanza kabisa, Januari, Shangazi aliuliza katikati, "Sasa tunamwombea nani?" na Masikio akaanza upya. Siku hizi akiona kidole anaweka mikono mapajani na kufumba macho.

Leo nimeziweka dakika zake zote kwa mfululizo, kumi na moja. Januari amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Februari mgongo umeegemea kiti. Ya juzi mdomo umefunguka kidogo, na kichwa kimeinama upande. Nimeirudia mara tatu. Amelala. Mbele ya wanaume wawili na taa kali, Shangazi amepitiwa na usingizi.

Jioni mwongozaji alipita, nikamwonyesha.

"Anasali kimoyomoyo," akasema. "Tazama uso huo. Hiyo ndiyo nguvu ya ndani."

"Amelala."

"Dada, hebu acha utani." Akaandika kitu kwenye simu yake, nadhani kwa ajili ya wafadhili.

Nilisoma naye darasa moja, na ana moyo mzuri kuliko watu wengi wa kazi hii. Ila ana ugonjwa mmoja. Kila akimaliza kupiga picha husema, "Tena, mara ya mwisho." Kisha tena. Mimi na Masikio tumempa jina hilo hilo, Mara ya Mwisho, na analijua.

Jumamosi, Machi 8

Barua ya wafadhili imefika. Wamependa tulichowapelekea, wanaomba "ustahimilivu wa mhusika uonekane zaidi". Nimeisoma kwa sauti mbele ya mama, ambaye ni muuguzi mstaafu na anaishi kwangu, au mimi naishi kwake, inategemea nani amekasirika.

"Ustahimilivu ndio nini?" akauliza.

"Kuvumilia, mama. Kutokukata tamaa."

"Kujikaza kisabuni?"

"Hiyo hiyo, ila kwa barua."

"Na wao wanataka ajikaze zaidi?"

Nikamwambia ale chakula kinapoa.

Jumatatu, Machi 10

Umeme hakuna. Nimelala juu ya meza, nimeamka na alama za kibodi shavuni.

Jumatano, Machi 12

Mama kaniletea chakula cha mchana ofisini. Alinikuta nikisafisha sauti, yaani nikimtoa Shangazi vikohozi katikati ya maneno. Akasimama nyuma yangu na mwavuli unachuruzika.

"Rudisha hapo," akasema. Nikarudisha. "Tena." Nikarudisha tena. "Hicho si kikohozi cha mafua. Ana muda gani nacho?"

Nikatafuta. Cha kwanza ni Februari 19. Nimekuwa nikivifuta wiki tatu nzima bila kujiuliza vinatoka wapi.

Ijumaa, Machi 14

Leo nimesikia kitu ambacho sikupaswa kusikia. Niandike yote.

Jana walimrekodi Shangazi asubuhi. Walipomaliza, mwongozaji alitaka picha za nje kabla mvua haijarudi, wakatoka mbio, na Masikio akasahau kumtoa Shangazi ile maiki ndogo ya kubana kwenye kola. Kinasa sauti kikaendelea dakika arobaini na saba. Picha hakuna, ni sauti tu. Mimi huwa nasikiliza kila kitu kinacholetwa, ndivyo nilivyofundishwa.

Mdogo wake alikuwa amekuja kumtembelea. Wakaingia jikoni. Jikoni kwa Shangazi kamera haijawahi kufika, aliwakataza siku ya kwanza. Kule, alisema, kuna fujo yangu mwenyewe.

"Sukari iko wapi?" mdogo wake akauliza.

"Kwenye droo ya cherehani. Kabatini wamehamia sisimizi."

Wakacheka. Kisha mdogo wake akasema, "Dada, chumba nimeshakipaka rangi. Kitanda kipo. Unangoja nini?"

"Nangoja hawa watoto wamalize."

"Watoto gani?"

"Wa kamera."

"Dada!"

"Nisikilize. Mimi nilishaamua tangu Januari. Nilikuwa nifunge mizigo Jumapili, nije kwako nipumzike. Jumamosi wakabisha hodi, wakasema: Shangazi, wewe ndiye umebaki peke yako, bila wewe hakuna filamu. Ningewaambiaje? Wametoka mbali, wamebeba vyuma vyote vile. Yule mrefu mkewe ana mimba. Niwafukuze?"

"Kwa hiyo unakaa kwenye nyumba inayovuja kwa sababu ya wageni?"

"Mgeni unamngoja aage. Hawa hawaagi. Kila siku wananiambia mara ya mwisho."

"Na jina lako kwenye rejista?"

"Jina langu nalijua. Wao ndio hawalijui. Hilo nitalidai hata nikiwa kwako, nimelala chali." Hapo akakohoa kwa muda mrefu. "Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kwenye nywele."

Nilivua hedifoni nikaziweka mezani taratibu. Miezi miwili na nusu nimekaa hapa nikitengeneza mwanamke asiyetetereka, na mwanamke mwenyewe anajikaza kwa ajili yetu. Tunampiga picha akibaki, naye anabaki kwa sababu tunampiga picha. Nimeona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayopanda na joto shingoni.

Jumamosi, Machi 15

Nimemsikilizisha mwongozaji. Alikaa juu ya boksi la karatasi, akaweka mikono kichwani.

"Hii hatuitumii," akasema kwanza. Nilifurahi. Nikasema na tumwambie Shangazi leo hii kwamba tunazo picha za kutosha, aende zake.

Akashusha mikono, akaanza kuzungumza polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Tukimwambia leo, kesho anahama. Filamu haina mwisho. Mvua kubwa zinakuja Aprili na kila mwaka maji huingia kwenye zile nyumba. Tukipata picha ya maji yakiingia na yeye yumo, filamu imesimama, na labda mmiliki ataona haya na kumwandika. Tunamfanyia yeye.

"Wiki mbili," akasema.

"Tatu," nikasema.

Mimi ndiye niliyesema tatu. Sio yeye. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kazi kichwani, nikaona wiki mbili hazinitoshi kufika sehemu ya mwisho. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumanne, Machi 18

Mvua ya manyunyu. Vikohozi tisa.

Alhamisi, Machi 20

Kumi na vinne. Nimeacha kuvifuta.

Jumapili, Machi 23

Mama ameuliza, "Yule wa kikohozi amekwenda hospitali?" Nikasema sijui, mimi ni mhariri tu. Akanitazama. Akaenda kulala bila kuniaga, na alijua nimemwona.

Jumatano, Machi 26

Dakika ya leo alikoroma. Masikio aliangua kicheko, mwongozaji akasema turudie. Kwenye picha Shangazi anashtuka, anatazama huku na huku, kisha anaomba radhi. Ameomba radhi! "Samahanini wanangu, nimewaharibia." Nikazima kompyuta nikatoka nje nikasimama chini ya bati na mwenye duka la madaftari, ambaye alianza kunieleza bei za kalamu, na nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Jumamosi, Machi 29

Hakuna mvua. Watu wote mjini wamefurahi isipokuwa mwongozaji.

Jumanne, Aprili 1

Mawingu tu. Amenipigia simu mara mbili kuniuliza naonaje hali ya hewa, utadhani nimeifungia kwenye droo.

Alhamisi, Aprili 3

Maji yameingia. Jana mchana, na walikuwepo.

Diski imefika leo saa tatu, Masikio kaileta mwenyewe. Kaweka kopo mezani akaondoka hata kabla sijalifungua. Nikajua kuna jambo.

Picha ni nzuri. Niseme ukweli wa kazi, ni picha nzuri kuliko zote. Maji ya kahawia yanapita chini ya mlango, viatu vinaelea, Shangazi kafunga nguo magotini anasukumia maji nje kwa ufagio. Anafika mlangoni, anasimama, anashika ukuta. Nikadhani imeisha.

Sauti ya mwongozaji: "Shangazi, vizuri sana. Turudie, mara ya mwisho."

Akarudia. Akarudishwa tena, taa ilikuwa imetingishika. Akarudishwa tena. Mara nne. Mara ya nne hakuwa anasukuma maji, alikuwa ameegemea ufagio na ufagio unakwenda wenyewe. Alipofika mlangoni alikohoa mpaka akakaa majini. Mwongozaji alikimbia kumwinua, nimeona, alitupa kila alichoshika. Lakini kamera iliendelea.

Nimekaa nayo mpaka saa nane mchana. Sijakata chochote.

Ijumaa, Aprili 4

Nimekwenda.

Nilivaa buti za mama, zinanibana, nikatembea kwenye tope lile ninalolijua kwa picha. Ajabu ni kuwa nyumba ni ndogo kuliko nilivyoizoea. Nikabisha hodi.

"Karibu mwanangu. Unamtafuta nani?"

Sauti hiyo nimelala nayo na kuamka nayo tangu Januari, na sasa inaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia, shikamoo, mimi ndiye ninayekata ile filamu.

"Marahaba. Kumbe kuna mwingine!" Akanishika mkono kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto. "Wale hawajaniambia. Kaa, kaa hapo pakavu. Nikuwekee chai."

Akataka kuinuka, kikohozi kikamrudisha kitini. Nikasema kaa Shangazi, nitaweka mwenyewe. Nikaingia jikoni, nikabandika maji, nikatafuta vikombe, na nilipofika kwenye sukari mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye droo ya cherehani. Hata sikufikiri. Nikarudi na vikombe viwili.

Alikuwa ananitazama kupitia mlango wa jikoni. Akaanza kukunja kitambaa.

"Nani kakuambia sukari iko humo?"

Nilitafuta uongo. Miaka kumi na tano nimeishi kwa kuunga maneno ya watu, na siku niliyohitaji yangu sikuyapata.

"Kabatini ndiko watu wote wanakoweka," akasema. "Kwenye droo nimehamishia mwezi jana. Na kamera sijairuhusu jikoni." Akakunja tena. Kisha mkono ukapanda taratibu mpaka kwenye kola yake, pale wanapombania maiki. "Siku aliyokuja mdogo wangu."

"Alisahau kuitoa, Shangazi. Hakukusudia."

"Basi ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Yote?"

"Yote."

"Lini?"

"Kesho yake. Ijumaa."

Akatazama ndoo. Zilikuwa tano, zimepangwa chini ya bati linalovuja, kila moja na mlio wake. Alikuwa anahesabu, nadhani, ni mara ngapi amezimwaga.

"Wiki tatu," akasema.

"Ndiyo."

"Wiki tatu nainuka kuhamisha kitanda, na wewe unajua kwamba nataka kwenda zangu."

"Najua. Na mimi ndiye niliyesema ziwe tatu. Mwenzangu alisema mbili."

Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Labda kwa sababu nimechoka kuwa mtu asiyeonekana kwenye picha. Yeye hakufoka. Angefoka ningeweza kuomba radhi nikaondoka na radhi yangu. Alinyamaza muda mrefu, hakuna kidole kilichoinuliwa, na macho yake safari hii yalikuwa wazi.

"Mimi nikasema nikae, watoto wasikose kazi yao," akasema mwishoni. "Na ninyi mkasema akae, tusikose picha yetu. Basi tulikuwa tunangojana." Akatikisa kichwa. "Ilikuwa inawashinda nini? Mngeniambia tu, Shangazi, nenda. Neno moja."

Hapo nikaanza kulia.

"Usinililie humu," akasema. "Ndani maji yanatosha."

Nikacheka huku nalia, yeye naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hicho kwa karibu si kama kwenye hedifoni. Nikamshika mgongo, nikahisi mbavu zake zikipanda na kushuka. Nikampigia mama simu.

Kabla mama hajafika, Shangazi aliniambia mambo mawili. Ile ya jikoni niifute, kwa sababu alimwambia mdogo wake, hakuiambia dunia. La pili: "Nikipona nitasema mwenyewe. Nimekaa, nimevaa vizuri. Mara moja. Na yule kijana wenu asithubutu kuniambia nirudie."

Jumamosi, Aprili 5

Kichomi. Mapafu yote mawili. Mama alimpeleka hospitali na akampa daktari maelezo ya kikohozi tangu Februari 19, tarehe kwa tarehe, kutoka kwenye daftari hili. Hakuniomba ruhusa, na wala sikudai.

Jumapili, Aprili 6

Nimefuta ile sauti. Nimemwita Masikio ashuhudie. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika, Masikio akajibu kwa sauti kubwa, "Ana uhakika!" Kisha akaniambia amekuwa hapati usingizi tangu siku ile ya maji.

Jumatatu, Aprili 7

Mwongozaji alikuja wodini bila kamera. Alisimama mlangoni, mikono hajui aiweke wapi, hajazoea kuwa nayo mitupu. Nilikuwa nimekwenda nimejiandaa kumpa vidonge vyake, nikakuta hana pa kuvipokelea. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, Shangazi."

"Mkeo kajifungua?"

"Bado."

"Sasa unafanya nini hapa? Nenda nyumbani."

Akaenda. Alitii papo hapo, na alifuta machozi kwa mkono wa shati kama mwanafunzi. Nimemchukia wiki hizi, na nilikuwa namchukia kwa sababu ni rahisi kuliko kujitazama. Leo nimeona ni mtu aliyechoka tu, kama mimi, ambaye hakujua aishie wapi.

Ijumaa, Aprili 11

Karuhusiwa. Mvua. Nimelala kwa muda wa saa kumi na moja.

Jumatatu, Aprili 14

Leo amehama. Mdogo wake kaleta gari dogo, vitu vikaingia vyote na nafasi ikabaki. Cherehani ilikuwa ya mwisho. Nyumba ya mjane ameikataa, bado inamngoja huko upande wa pili wa mji, na itamngoja sana.

Alikaa kwenye kiti kimoja kilichobaki, kavaa gauni la buluu ambalo sijawahi kuliona kwenye diski yoyote. Nilisimama ukutani nyuma ya kamera. Ni mara yangu ya kwanza kumwona akirekodiwa na mimi nipo.

Akasema, bila kuulizwa: "Nilishona magunia hapa miaka ishirini na miwili. Kwenye kitabu chao sipo. Nimedai, na nitaendelea kudai kwa barua, nikiwa nimekaa pakavu. Leo naondoka kwa sababu nimechoka. Nilichoka Januari, nikaona haya kusema, kwa sababu watu walikuwa wanapenda kuniona sichoki. Kuchoka si kushindwa, lakini hata kama ni kushindwa, basi nimeshindwa kidogo. Ndiyo hivyo."

Kwenye neno "Januari" pikipiki ilipita nje, ikakwaruza sauti vibaya. Mwongozaji akafungua mdomo. Masikio akamkanyaga mguu. Akaufunga.

Kisha Masikio kwa mazoea akainua kidole. Shangazi akasimama.

"Hiyo rekodini wenyewe," akasema. "Mimi nimemaliza." Akatoka, tukasikia mlango wa gari.

Tukabaki watatu na kiti. Dakika nzima. Nje gari likawaka, likaenda, likapotea. Ndoo moja ilikuwa imesahaulika kwenye kona, inapokea.

Jumatano, Aprili 16

Nimeunga.

Alhamisi, Aprili 24

Mwongozaji kapata mtoto wa kike. Kaniuliza kama tuweke muziki kwenye chumba kitupu. Nikasema hapana. Akasema sawa, na mara hii moja hakurudia.

Ijumaa, Mei 2

Wafadhili wanauliza ustahimilivu umekwenda wapi. Nimewajibu kwa mistari miwili. Mama kasema mistari miwili ni mingi.

Jumamosi, Mei 10

Mvua zimekwisha, au zimepumzika. Tumekwenda kwa mdogo wake Shangazi kumwonyesha filamu kabla ya mtu mwingine yeyote, mimi, mama, Masikio na mwongozaji. Mchana, mapazia yamefungwa, kompyuta yangu juu ya cherehani.

Dakika ya tatu jina lake linatokea chini ya uso wake. Jina lake tu, na chini yake: mshona magunia, miaka 22.

"Simamisha hapo," akasema.

Akasogea, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma herufi moja moja. Mdogo wake akajishughulisha na pazia. Sijui alikaa hapo muda gani. "Endelea," akasema.

Ikafika dakika yake, ile ya Machi, kichwa upande. Mwongozaji alikuwa amewaandikia watu kwamba anasali. Shangazi akapiga kofi gotini. "Hapo nilikuwa nimelala!" Mama akasema, "Hata mimi niliona." Wakacheka mpaka ikabidi nirudishe nyuma.

Kisha maji, mara moja tu. Kisha gauni la buluu na pikipiki. Kisha kiti kitupu, dakika nzima, ndoo inapokea. Nimeisikia dakika hiyo labda mara mia mbili kazini. Leo niliisikia nimekaa kwenye kochi laini, bega la mama upande mmoja, hakuna ninachopaswa kukata.

Nakumbuka mlio wa ndoo wa tatu, labda wa nne.

Nilipoamka mapazia yalikuwa wazi, jua la jioni sakafuni, kompyuta imezimwa, na nimefunikwa shuka mpaka shingoni. Wenzangu walikuwa barazani wananong'ona. Mdogo wake Shangazi aliniletea maji, akaniambia nimelala saa tatu nzima. Mwongozaji alitaka kuniamsha twende, aliendelea kunieleza, ila Shangazi akamzuia. Kamwambia, "Mwache alale. Na mtu asimrekodi."